Jesse Owens: Chuo kilimpa uwanja, kikamnyima kitanda

JESSE OWENS anakumbukwa na wengi kwa wiki moja tu ya maisha yake. Ni ile wiki ya Agosti 1936 mjini Berlin, alipotwaa medali nne za dhahabu za Michezo ya Olimpiki mbele ya utawala wa Adolf Hitler, uliokuwa ukihubiri kwamba mtu mweusi ni kiumbe duni.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi mno, hata imefunika nyingine iliyoitangulia. Kabla ya Berlin kulikuwa na mji wa Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio nchini Marekani. Huko, kwa miaka mitatu, kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kilichojivunia miguu yake uwanjani lakini hakikuwa tayari kumpa kitanda katika bweni lake.

Miaka hiyo mitatu ndiyo iliyomfanya kuwa bingwa. Ndiyo pia iliyomwachia deni ambalo hakuwahi kulilipa maishani: shahada aliyoianza na asiimalize.

Mtoto wa shamba la pamba

Owens alizaliwa Septemba 12, 1913, katika kijiji cha Oakville, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto kumi. Babu zake walikuwa watumwa. Wazazi wake, Henry na Mary Emma, walikuwa huru kwa jina, lakini walilima pamba katika shamba lisilo lao na kugawana mavuno na mwenye ardhi, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika hesabu.

Alikuwa mtoto dhaifu wa kifua, na kila majira ya baridi yalikuwa mtihani kwa uhai wake. Alipofikisha umri wa miaka tisa, familia iliungana na maelfu ya watu weusi waliokuwa wakikimbia ufukara na ukatili wa kusini kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya kaskazini. Wakafikia Cleveland, mji wa viwanda vya chuma ulioko kandokando ya Ziwa Erie.

Hata jina lake ni zao la safari hiyo. Nyumbani aliitwa J.C., kwa herufi za kwanza za majina yake, James Cleveland. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alimwuliza jina, naye akalitamka kwa lafudhi nzito ya Alabama. Mwalimu akasikia Jesse. Mtoto aliona haya kumsahihisha mkubwa, na tangu siku hiyo akawa Jesse kwa ulimwengu mzima.

Aliyekigundua kipaji chake ni mwalimu wa michezo mzungu, Charles Riley. Wanafunzi wengine walifanya mazoezi jioni, lakini Owens alikuwa na kibarua kwa fundi viatu baada ya masomo. Riley akakubali kuamka mapema na kumfundisha asubuhi kabla kengele ya shule haijalia. Owens hakuusahau wema huo, na hadi uzeeni alimtaja mwalimu huyo kuwa ndiye aliyemfungulia njia.

Mwaka 1933, akiwa katika Shule ya Ufundi ya East Technical, alishiriki mashindano ya taifa ya shule za sekondari mjini Chicago. Huko alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.4, muda uliolingana na rekodi ya dunia. Katika kuruka chini alifikia mita 7.56. Kuanzia siku hiyo vyuo vikuu vingi vilimtaka.

Uamuzi wenye lawama

Owens alichagua Chuo Kikuu cha Ohio State. Kilikuwa karibu na nyumbani, nalo hilo lilikuwa jambo zito kwa kijana ambaye tayari alikuwa na mtoto wa kike, Gloria, aliyezaliwa Agosti 1932. Mama wa mtoto huyo, Minnie Ruth Solomon, alikuwa mpenzi wake tangu walipokuwa shule. Ilikuwa pia ni miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na familia ya Owens iliweza kumwachia aende kusoma baada tu ya baba yake kupata kazi ya kudumu.

Uamuzi huo haukumfurahisha kila mtu. Baadhi ya magazeti ya watu weusi yalimlaumu. Yalihoji kwa nini kijana mwenye kipaji cha namna ile apeleke sifa zake kwa chuo kilichojulikana kwa ubaguzi wake.

Lawama hizo hazikuwa za bure. Mwaka huohuo wa 1933, Mahakama ya Juu ya Ohio ilikiunga mkono chuo hicho katika kesi ya mwanafunzi wa kike mweusi aliyekataliwa kukaa pamoja na wenzake weupe katika nyumba ya mafunzo ya sayansi kimu. Ohio haikuwa na sheria za kutenganisha watu kwa rangi kama zile za Alabama, lakini palipokosekana sheria, desturi ilifanya kazi ileile.

Hivyo Owens alipowasili Columbus katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 20, hakupewa chumba katika bweni. Alipanga nje ya chuo pamoja na wanafunzi wengine weusi. Migahawa iliyozunguka chuo haikuwahudumia, wakalazimika kujipikia wenyewe.

Wala hakuwa na ufadhili wa masomo. Siku hizo, bingwa wa shule za taifa zima alilazimika kujilipia ada kwa jasho lake. Alihudumu mezani, akafanya kazi maktaba na kuuza petroli. Kazi iliyomtunza zaidi aliipata katika jengo la serikali ya jimbo, ambako alikuwa mwendesha lifti. Haikuwa ile lifti iliyopandisha wabunge na wageni wa heshima, bali lifti ya mizigo iliyokuwa nyuma ya jengo.

Ratiba yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake mwembamba. Masomo mchana, mazoezi alasiri, lifti usiku. Vitabu alivisoma humo humo ndani ya lifti, katika nafasi zilizopatikana kati ya mzigo mmoja na mwingine. Sehemu ya kipato ilikwenda Cleveland kwa Ruth na mtoto.

Kocha na mwanafunzi

Katika kanuni za wakati huo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kukichezea chuo katika mashindano rasmi. Kwa Owens mwaka huo ulikuwa wa kujifunza, na mwalimu wake alikuwa Larry Snyder, kocha wa riadha wa Ohio State.

Snyder alipokea kijana mwenye kasi ya ajabu lakini mwenye dosari katika kuanza. Enzi hizo vyuma vya kukanyagia wakati wa kuanza mbio havikutumika katika mashindano makubwa. Kila mkimbiaji alibeba mwiko mdogo na kujichimbia vijishimo viwili nyuma ya mstari. Kocha alimfundisha kujikunja zaidi, kuituliza mikono, na kutoka kwa nguvu bila kupoteza ulaini wa hatua ambao ulikuwa tunu yake kubwa. Katika kuruka chini alimrekebisha namna ya kutumia miguu akiwa hewani.

Darasani mambo hayakwenda kwa ulaini huo. Shule za Cleveland hazikumwandaa vya kutosha kwa masomo ya chuo kikuu, na kazi za usiku zilimla muda. Alama zake zilikuwa hafifu, akawekwa chini ya uangalizi wa kitaaluma. Snyder alimhimiza, wenzake wakamsaidia, lakini chuo hakikuwa na utaratibu wowote wa kumwinua mwanafunzi wa aina yake. Kilichohesabiwa ni kwamba alama zisishuke chini ya kiwango cha kumzuia kukimbia.

Timu iliposafiri, ubaguzi ulisafiri nayo. Njiani wachezaji weupe waliingia migahawani, naye pamoja na wenzake weusi wakaletewa chakula nje au wakatafuta mahali palipohudumia watu wa rangi yao. Usiku walilala katika hoteli tofauti. Asubuhi yake walivaa jezi moja, ya chuo kimoja.

Dakika 45 za Ann Arbor

Mei 25, 1935, vyuo vikuu vya ukanda wa kati magharibi, vinavyofahamika kwa jina la Big Ten, vilikutana katika viwanja vya Ferry Field mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan. Owens, akiwa katika msimu wake wa kwanza wa mashindano ya vyuo, alifika akiwa mgonjwa. Siku chache kabla aliteleza kwenye ngazi katika utani wa wanafunzi na kuumia mgongo. Hakuweza hata kuinama kugusa magoti yake.

Snyder alitaka kumwondoa. Kijana akaomba aruhusiwe kujaribu yadi 100 tu, kisha uamuzi ufuate.

Saa 9:15 alasiri alishinda yadi 100 kwa sekunde 9.4 na kuifikia rekodi ya dunia. Saa 9:25 alikwenda kwenye kuruka chini, akaruka mara moja tu na kutua mita 8.13. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuvuka mita nane. Saa 9:34 alikimbia yadi 220 kwa sekunde 20.3, rekodi mpya. Saa 10:00 alimaliza yadi 220 za kuruka viunzi vifupi kwa sekunde 22.6, rekodi nyingine.

Kwa dakika 45, akiwa na mgongo uliomuuma, mwanafunzi huyo aliweka rekodi tatu za dunia na kuifikia ya nne. Wataalamu wengi wa riadha wanaiona siku hiyo kuwa kubwa kuliko hata Berlin. Rekodi yake ya kuruka chini ilidumu miaka 25, hadi ilipovunjwa na Mmarekani mwenzake Ralph Boston mwaka 1960.

Mwezi uliofuata, katika mashindano ya vyuo vya Marekani nzima yaliyofanyika Berkeley, California, alitwaa mataji manne. Mwaka 1936 akatwaa mengine manne mjini Chicago. Mataji manane ya mtu mmoja katika miaka miwili ni hesabu ambayo vizazi vilivyofuata viliitazama kwa mshangao.

Pamoja na hayo, hakuwa mashine isiyoshindika. Julai 4, 1935, mjini Lincoln, Nebraska, alishindwa na mwanafunzi mwingine mweusi, Eulace Peacock, katika mita 100 na katika kuruka chini. Kesho yake alikuwa Cleveland, akifunga ndoa na Ruth. Peacock aliendelea kumsumbua, na wengi waliamini Berlin itakuwa ya wawili hao, lakini msuli wa paja ulimtupa nje kabla ya mchujo wa Olimpiki.

Kabla ya kwenda Ujerumani, wenzake wa Ohio State walimchagua Owens kuwa nahodha wa timu ya riadha. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuongoza timu ya chuo hicho. Kwa hiyo mwaka 1936 nahodha wa Ohio State alikuwa mtu ambaye hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya Ohio State.

Wiki ya Berlin

Agosti 3, 1936, Owens alishinda mita 100 kwa sekunde 10.3. Siku iliyofuata alishinda kuruka chini kwa mita 8.06, akimwacha Mjerumani Luz Long katika nafasi ya pili. Long alimpongeza hadharani mbele ya macho ya viongozi wa Kinazi na kutembea naye wakiwa wameshikana mikono. Mjerumani huyo alifariki mwaka 1943 akiwa askari katika mapigano ya Sicilia.

Agosti 5 alishinda mita 200 kwa sekunde 20.7. Agosti 9 akaongoza mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, akishirikiana na Ralph Metcalfe, Foy Draper na Frank Wykoff, kwa rekodi ya dunia ya sekunde 39.8. Medali hiyo ya nne ilikuwa na doa ambalo halikuwa lake. Viongozi wa timu ya Marekani waliwaondoa dakika za mwisho wakimbiaji wawili Wayahudi, Marty Glickman na Sam Stoller, na nafasi zao wakapewa Owens na Metcalfe.

Kuna jambo moja la wiki hiyo ambalo husahaulika. Katika kijiji cha wanamichezo Owens alilala na kula pamoja na wenzake weupe wa timu ya Marekani. Utawala uliokuwa ukiwanyanyasa Wayahudi ulikuwa umejipamba kwa ajili ya wageni, na mapambo hayo yaliondolewa mara wageni walipoondoka. Hata hivyo ukweli unabaki kwamba mwanafunzi wa Columbus alipata mjini Berlin kile alichonyimwa na chuo chake.

Ilivuma sana kwamba Hitler alikataa kumpa mkono. Kiongozi huyo alikuwa ameelezwa na wakuu wa Olimpiki, mwishoni mwa siku ya kwanza ya riadha, ama awapongeze washindi wote ama asimpongeze yeyote hadharani, naye akachagua kutompongeza yeyote. Jambo lililomchoma Owens zaidi ni la nyumbani. Rais Franklin Roosevelt hakumwalika Ikulu, wala hakumtumia salamu za pongezi.

Mlango wa nyuma

Michezo ilipomalizika, chama cha riadha cha Marekani kiliwapeleka wanariadha katika ziara ya miji ya Ulaya ili kukusanya fedha. Owens alikimbia Cologne, Prague na London, akichoka na kukonda, huku mfukoni hana kitu. Nyumbani kulikuwa kukitoka simu za kumwahidi maelfu ya dola. Alipotakiwa kuendelea hadi Sweden alikataa na kurudi kwa familia yake. Chama kikamfungia.

Adhabu hiyo ilikata maisha yake ya riadha akiwa bado hajatimiza miaka 23. Alikuwa amebakiwa na msimu mmoja wa kukichezea chuo, na masomo yake yalikuwa hayajakamilika. Hakurudi darasani, kwa kuwa zile ahadi za fedha zilionekana kubwa kuliko shahada.

New York ilimpokea kwa gwaride. Lakini alipofika katika hoteli ya Waldorf-Astoria kuhudhuria hafla iliyoandaliwa kwa heshima yake, alielekezwa kwenye lifti ya mizigo. Kijana aliyejisomesha kwa kuendesha lifti ya mizigo alirudi na dhahabu nne, akapandishwa ghorofani kwa chombo kilekile.

Ahadi nazo ziliyeyuka moja baada ya nyingine. Desemba 26, 1936, alikuwa Havana, Cuba, akishindana na farasi kwa malipo ya dola 2,000. Alishinda, na watazamaji wakacheka na kushangilia. Yeye alikuwa na familia ya kulisha. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu Berlin.

Alijaribu kuongoza bendi ya muziki, akafanya kazi ya kusimamia viwanja vya michezo vya watoto, na mwaka 1938 akafungua biashara ya dobi mjini Cleveland. Mwaka uliofuata alifilisika.

Kurudi darasani

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 27 na watoto watatu wa kike, Owens alifanya jambo ambalo halionekani sana katika simulizi za ushujaa wake. Alirudi Ohio State kuendelea na masomo. Snyder alimpokea na kumpa kazi ya kusaidia kufundisha timu.

Huenda hapo ndipo ujasiri wake ulipopimwa kuliko mahali pengine popote. Hakukuwa na umati wa kumshangilia. Aliketi darasani pamoja na vijana waliomfahamu kutoka magazetini, akipambana na masomo yaliyomshinda alipokuwa mdogo. Mwaka huohuo alifiwa na mama yake, na baba yake naye akafuata. Alama zake zikaporomoka. Desemba 1941, mwezi ambao Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alifunga vitabu na kuondoka moja kwa moja.

Wakati wa vita alifanya kazi katika kampuni ya magari ya Ford mjini Detroit, akishughulikia masuala ya wafanyakazi weusi. Mwaka 1949 alihamia Chicago, na polepole akajijenga upya kwa kazi za uhusiano wa umma na kwa kipaji cha kuhutubia. Mwaka 1955 serikali ya Rais Dwight Eisenhower ilimtuma katika nchi za Asia, ikiwemo India, kama balozi wa nia njema. Nchi iliyompuuza mwaka 1936 sasa ilimhitaji kuonyesha kwamba mtu mweusi ana nafasi Marekani.

Nafasi hiyo ilimweka pagumu mbele ya kizazi kipya. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, wanafunzi wawili weusi wa chuo, Tommie Smith na John Carlos, waliinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi. Owens alikuwapo na hakuafiki. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu cha kuwakosoa wanaharakati weusi. Kilimletea lawama nyingi, na mwaka 1972 akachapisha kingine, akikiri kwamba mawazo yake yamebadilika.

Chuo chapiga hatua

Ohio State nayo ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1960, mwaka uleule ambao Ralph Boston alivunja rekodi ya Ann Arbor, wanafunzi wa chuo hicho walimchagua malkia wa sherehe zao za mwaka. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo, na jina lake lilikuwa Marlene Owens, binti wa pili wa Jesse. Marlene alihitimu. Shahada ambayo baba aliitafuta mara mbili, binti aliichukua.

Mwaka 1972 chuo kilimtunukia Owens shahada ya heshima ya udaktari. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais, ambayo ni heshima ya juu kabisa kwa raia wa nchi hiyo.

Mwanzoni mwa 1980, Rais Jimmy Carter alipotaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan, Owens, tayari akiwa mgonjwa, alijaribu kumshawishi aachane na mpango huo. Aliamini kwamba michezo isingepaswa kuwa silaha ya wanasiasa. Carter hakubadili msimamo.

Sakata hilo lilifika hadi Afrika Mashariki. Carter alimtuma bondia Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika, na alipotua Dar es Salaam, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuonana naye. Kenya ilisusia michezo hiyo. Tanzania ilikwenda, ikarudi na medali mbili za fedha, moja ya Filbert Bayi na nyingine ya Suleiman Nyambui, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, nchini Marekani.

Owens hakuiona michezo hiyo. Alikuwa mvutaji sigara kwa miaka mingi, na Machi 31, 1980, aliaga dunia kwa saratani ya mapafu mjini Tucson, Arizona, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa katika makaburi ya Oak Woods, Chicago.

Urithi wake

Heshima zilifuata kwa wingi baada ya kifo. Mwaka 1984 mtaa ulio jirani na Uwanja wa Olimpiki mjini Berlin ulipewa jina lake. Mwaka 1990 alitunukiwa Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani. Mwaka 2001 Ohio State ilifungua uwanja wa riadha unaoitwa kwa jina lake. Mwaka 2016 ilitoka filamu iitwayo Race, ambayo haianzii Berlin bali kwa kijana anayeaga nyumbani kwenda chuo, na kiini chake ni uhusiano wake na kocha Snyder.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamepita njia inayofanana na hiyo. Tangu miaka ya 1970 wakimbiaji wa Kenya na Tanzania wamekwenda katika vyuo vya Marekani wakiwa na viatu vya mbio begani, wengine kutoka vijiji visivyo na umeme, wakakutana na baridi, lugha ngeni, vitabu vizito na ratiba ya mazoezi isiyo na huruma. Wao, tofauti na Owens, wamelipiwa ada na kupewa vyumba vya kulala. Wapo waliorudi na medali na shahada, na wapo waliorudi na medali peke yake.

Maisha ya Owens yanaonyesha tofauti iliyopo kati ya marejeo hayo mawili. Miguu ilimpa umaarufu akiwa na miaka 22, kisha kanuni za chama kimoja zikaisimamisha kwa barua moja. Tangu hapo aliishi kwa kuyahadithia yale ambayo miguu hiyo ilikuwa imeyafanya. Alijua ni kitu gani kilichopungua, ndiyo maana alirudi kukitafuta hata baada ya dunia nzima kumwita bingwa.

Chuo kilichomnyima kitanda hatimaye kiliandika jina lake juu ya uwanja. Wanafunzi wa kila rangi hufanya mazoezi humo, na jioni hurudi kulala katika mabweni ambayo mwaka 1933 yalifungiwa mtu aliyekipatia chuo hicho sifa kuliko mwanamichezo mwingine yeyote wa zama zake.